Waliokuja Kuona Mamba

Ukipita Garsen siku hizi kwa basi la Lamu, mto unauvuka ukiwa umeketi. Daraja lipo, na dereva hata hapunguzi mwendo sana. Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda Witu kumzika binamu yangu. Mbele yangu waliketi vijana wawili wageni, mume na mke nadhani, na mabegi makubwa ya mgongoni. Tulipokaribia maji yule msichana akanyanyuka, akaelekeza simu yake dirishani, akamuuliza utingo, "Hapa mamba wako?" Utingo akacheka, akasema, "Wako, tena wengi." Basi, ni hayo tu. Lakini mimi nilijifunika uso kwa leso, na jasho likanitiririka mgongoni kana kwamba nimetajwa jina mbele ya kadamnasi. Mama niliyekuwa nimeketi naye akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni joto.

Haikuwa joto, rafiki yangu. Ngoja nikueleze.

Kijiji chetu kilikuwa jirani na feri ya Garsen, mwendo wa kuchemsha chungu cha wali, juu kabisa ya ukingo wa Tana. Sisi tulikiita mji. Kulikuwa na kanisa la misheni lenye kuta nene na kengele iliyoletwa kwa meli na wamisionari wa kale, na makaburi yao wenyewe yalikuwa nyuma ya kanisa, chini ya misalaba ya chuma iliyokula kutu. Kulikuwa na shule ya vyumba vya udongo, duka la Mwarabu, na njia pana iliyoteremka hadi bandarini, mahali pa kuchotea maji na kufungia mitumbwi. Miaka hiyo ya hamsini mtu aliyetoka Malindi kwenda Lamu hakuwa na budi kupita kwetu. Na mto ukiwa umefura, feri haiendi, basi atangoja, apende asipende.

Waliongoja zaidi walikuwa Wazungu. Walitoka kwenye mashamba yao ya bara, wakaja Malindi kuota jua, halafu wakachoka na jua wakataka kuona Lamu. Gari lilikuja limejaa vumbi, likasimama penye feri, watoto wao wakateremka na nywele zao nyeupe kama pamba, na ndani ya muda mfupi walikuwa wamekwisha kuchoka kutazama maji. Ndipo wakaanza kuuliza kuna nini cha kuona.

Vitu vya kuona vilikuwepo. Feri yenyewe ilikuwa tamasha, ikivutwa kwa kamba ya chuma na wanaume vifua wazi, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakimpokea. Kulikuwa na viboko, ambao jioni walitoa vichwa majini wakaguna kama wazee wanaokataa posa. Kulikuwa na kanisa na makaburi yake. Kulikuwa na wanawake wa Kiorma waliovuka asubuhi na maziwa katika vibuyu vilivyofukizwa moshi, wamenyooka kama mikuki, wasiomtazama mpiga picha hata akiwaita. Na kulikuwa na mamba, wamelala kwenye fungu la mchanga na vinywa wazi, kama magogo yaliyopasuliwa.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba, kwa sababu mama yangu alifariki kabla sijamjua. Kazi yangu ya msimu ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga. Nilipanda juu ya dungu na kombeo langu, nikapiga kelele hadi sauti inakauka, na bibi akaniletea wali wa jana na kambare mkavu aliyepikwa kwa embe bichi. Sijala tena chakula chenye ladha ile. Asubuhi na jioni nilichota maji bandarini, ndani ya uzio wa miti uliokitwa mtoni kuzuia mamba. Ndani ya uzio ulikuwa salama. Nje ya uzio ulikuwa wa mamba. Kila mtoto wa mtoni alilijua hilo kabla ya kujua kufunga leso.

Bibi yeye hakukanyaga bandarini. Maji aliletewa. Alizaliwa mtoni, akaolewa mtoni, mashamba yake yalilimwa kwa udongo wa mto, lakini akikaa uani kupepeta mpunga aliyapa maji mgongo. Hata kigoda chake kilikaa hivyo, na hakuna aliyethubutu kukigeuza. "Mto ni jirani," alikuwa akisema, "si ndugu." Nilidhani ni msemo tu wa kizee.

Sasa nikwambie habari za baba.

Baba alikuwa mvuta feri. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti nzuri, na Jumapili alisoma neno kanisani kwa Kiswahili safi kilichopangika, hata mwalimu wa shule alimsifu. Kisha akaumia mgongo. Kamba ilikatika siku ya mto kufura, ikamtupa, na tangu hapo hakuweza kuvuta. Alikaa barazani siku nyingi akitazama mikono yake. Mpunga wa mwaka ule ulisombwa na maji. Tulikula ndizi za kuchemsha asubuhi, na jioni ndizi zilezile.

Hapo ndipo Mzungu mmoja aliyekwama penye feri alipomuuliza kama kuna mamba. Baba akampeleka. Yule akafurahi, akamwachia sukari na kopo la biskuti. Baba akaja nyumbani akicheka kwa mara ya kwanza tangu aumie, akaiweka sukari mbele ya bibi, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Bibi akaibariki ile sukari. Mimi nikala biskuti, na zilikuwa tamu, nisikufiche.

Tangu siku ile baba akawa mtu wa wageni. Akisikia honi, huyo anateremka. Mtu mmoja akampa kofia kubwa ya pama, mwingine kaptura ya kaki iliyomfika magotini, na akavaa vyote viwili. Hilo ningelistahimili. Lakini alibadilisha na ulimi. Baba, msomaji wa kanisani, akifika mbele ya Wazungu alisema Kisetla, Kiswahili kilichovunjika cha masetla, kama wao. "Jambo, bwana! Iko mamba mingi sana! Mimi nataka onyesha wewe!" Na huku amekunja shingo, anacheka kwa meno yote. Nilimsikia kwa mara ya kwanza nikiwa na mtungi kichwani, nikatamani ardhi inimeze.

Shuleni wakalijua. Wavulana walinipokea mlangoni, "Iko mamba, memsahibu?" Siku moja mwalimu mwenyewe alijisahau. Nilikosea hesabu, naye akasema, "Wewe nafikiri nini, iko lala?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaona haya, akafuta ubao uliokuwa hauna kitu. Niliporudi nyumbani sikumwambia baba. Nilimchukia tu kimyakimya, kama mtoto anavyoweza kumchukia mtu anayempenda.

Hata hivyo hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa hili.

Mamba wa kwenye mchanga si kila siku wapo. Siku nyingine mgeni anateremka, mchanga mtupu. Nadhani ni siku kama hiyo baba alipoanza kuwasimulia kisa. Nilikuwa bandarini naosha sufuria. Kundi la Wazungu lilikuwa limesimama penye njia, na baba mbele yao.

"Iko toto moja," alisema, "dada ya mimi. Dogo sana. Nakuja hapa, chota maji. Mamba iko chini, iko ngoja."

Kisha akalala kifudifudi juu ya udongo, na mgongo wake ule mbovu, akatambaa. Akapanua mikono iwe taya. Akafumba taya, hap! Halafu akainuka magotini, akaweka mikono mashavuni, akapiga ukelele mwembamba, mrefu, kwa lugha yetu ya mtoni: "Mamaaa! Mamaaa!"

Wengine wakashtuka, mmoja akacheka kwa kule kutambaa, mtoto wao akaanza kulia. Walipoondoka walimwachia sigara na kitambaa cha maua.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na shangazi. Nilimjua kwa Kisetla, sufuria mkononi, pamoja na wapita njia. Nyumbani kwetu hakuwa akitajwa kamwe. Ghafla nikaelewa kigoda cha bibi, na mgongo wa bibi, na maji ya kuletewa.

Baba alikuwa kaka yake. Watu wazima wa mji walikijua kisa kwa juujuu tu: kwamba siku ile babu yangu alikuwa amekwisha kufa, bibi alikuwa ng'ambo akivuna, watoto wawili walibaki peke yao, na mmoja ndiye aliyerudi nyumbani. Baba, naye mtoto, aliweza kusema neno moja tu, "Mamba." Hakuulizwa la pili. Alipokua, bibi hakumuuliza, naye hakusema. Sasa alikuwa anakisema kila honi ilipolia.

Na kile kisa kikapata umaarufu. Magari yalikuja watu wake wakiwa wamekwisha kukisikia Malindi. Walimtaka yule mtu wa kofia. Viboko na kanisa wakaviona kwa haraka, kisha wakauliza, "Wapi ile pahali ya toto?" Watoto wa mji wakatunga mchezo wa mamba. Mmoja analala, mwingine anapiga ukelele. Niliwahi kualikwa kuwa shangazi yangu. Bibi peke yake ndiye hakujua. Alikaa uani amevaa leso iliyotoka kwa wageni, anakunywa chai yenye sukari ya wageni, anamwombea mwanawe aliyepata riziki kwa kuonyesha viboko. Mji mzima uliinamisha macho ukipita mbele ya ua wetu.

Mchana mmoja, maji yakiwa yamepungua na upepo unanuka matope makavu, likaja gari lenye mtu na mkewe. Mke alikuwa mtu wa makamo, amefunga kitambaa kichwani. Baba akafanya yake yote. Nilikuwa pale kwa sababu nilitumwa maji, na siku zote nilijitahidi kuondoka kabla ya ukelele, lakini siku ile mtungi haukuwa umejaa. Baba alipomaliza, yule mwanamke hakucheka wala hakushtuka. Alilia. Machozi yalimtoka yakachora njia kwenye vumbi la mashavu. Akamuuliza baba, "Mama yake toto iko hai?"

Kicheko cha baba kikakatika. Nilimwona akitafuta uongo, asiupate.

"Iko," alisema.

"Mimi nataka salimu yeye."

"Yeye mzee, memsahibu. Iko gonjwa."

Nami, kwa ujinga wa utoto, nilimwangalia baba kwa mshangao, kwa kuwa bibi hakuwa mgonjwa. Mwanamke akaliona lile jicho langu. Akanishika mkono. Sikujua kumkatalia mgeni, nikatangulia na mtungi wangu, yeye nyuma yangu, mumewe na kamera nyuma yake, na baba mwisho kabisa, kofia mkononi.

Bibi alikuwa anapepeta. Sauti ya mpunga kwenye uteo, shwa, shwa, ilisikika tangu njiani. Yule mwanamke akapiga magoti mbele yake mavumbini, akaishika mikono yake yote miwili na uteo wenyewe, akalia upya.

Bibi akashtuka. Akamtazama, akamtazama baba. Kwa lugha yetu akauliza, "Huyu amefiwa na nani?"

"Anakusalimu tu, mama," alisema baba.

"Mtu hasalimu hivi. Huyu amefiwa." Bibi akautua uteo, akampapasa yule mwanamke mgongoni kama anavyopapaswa mwenye msiba. "Pole, mwanangu," akamwambia kwa Kiswahili chake kidogo. "Pole. Mungu yupo. Umempoteza nani?"

Hilo, rafiki yangu, ndilo linaloniamsha usingizini hadi leo. Si kutambaa kwa baba, si kofia. Ni bibi akimliwaza yule mwanamke kwa msiba wake mwenyewe, bila kujua.

Mume alikuwa amechoka na kungoja. Akatengeneza kamera yake, akamwambia baba, "Ambia yeye simama. Yeye nakuja chini, nakaa pale mamba nakamata toto ya yeye."

Bibi alijua Kiswahili kidogo tu, lakini "mamba" alilijua, na "toto" alilijua.

Mkono wake ulisimama juu ya mgongo wa yule mwanamke. Kuku wetu mmoja alikuja akaanza kudonoa mpunga uliomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Umewaambia nini?" bibi alimuuliza baba.

Baba aliinamisha macho. Alikuwa anaizungusha kofia.

Bibi akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu. Baba yako anawaambia nini watu hawa?"

Nilikuwa bado na mtungi kichwani. Maji yalikuwa yanadondoka sikioni. Nikasema, na sauti yangu sikuitambua, "Anawaonyesha, bibi. Anawaonyesha mamba alivyokuja. Na jinsi alivyolia."

Bibi akasema polepole, bila hasira, "Basi nionyeshe na mimi. Wageni wa mbali wameona. Mimi nilimzaa na sijaona. Nilikuwa shambani."

"Mama..."

"Nionyeshe."

Na akamtaja shangazi yangu kwa jina. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Baba katika kisa chake hakuwahi kulitumia. Alisema "toto" tu. Utaniwia radhi, nami sitaliandika. Ameonyeshwa vya kutosha.

Baba akapiga magoti, nami nikafumba macho, nikadhani atatambaa. Hakutambaa. Aliweka kofia chini, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ile ya Jumapili, akiutazama udongo.

"Tulikuwa ndani ya uzio. Tulikuwa tunacheza. Nikampokonya kibuyu chake, nikakitupa mbali ili ahangaike kukifuata. Kikapita katikati ya miti. Akaniambia nikamletee. Nikakataa. Nikamwambia ni chake. Basi akatoka."

Bibi akainama amsikie vizuri.

"Maji yalimfika kiunoni. Akakishika kibuyu. Akageuka akanitazama, akakiinua nikione kwamba amekipata. Kisha hakuwepo."

"Akalia."

"Hakulia, mama."

"Alilia. Nilisikia nikiwa ng'ambo. Nilisikia akiniita. Mundu ulinianguka mkononi."

"Hakupata nafasi ya kulia," alisema baba. "Yule aliyeita alikuwa mimi."

Yule mwanamke wa Kizungu alikuwa bado amepiga magoti, anamtazama huyu na kumtazama yule, hajui neno hata moja. Mumewe aliteremsha kamera. Nadhani hata asiyejua lugha hujua anapokuwa amesimama mahali pasipo pake.

Bibi alisema, kama anayejisemea, "Miaka yote namsikia. Nikilala namsikia, nikitwanga namsikia. Naye ananiita, nami sifiki." Akamtazama baba, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, amepiga magoti na kaptura ya watu. "Kumbe ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi, mama."

Akanyoosha mkono, nikadhani anampiga. Aliuweka juu ya kichwa chake, kisogoni, pale mama anapomshika mtoto mwenye homa.

"Hakulia," bibi alisema. "Basi usimlize tena."

Aliniambia niwape wageni maji, kwa kuwa jua lilikuwa kali na wamekuja kwetu. Nikawapa. Wakanywa wote wawili katika kata moja. Yule mwanamke akavua kitambaa chake cha kichwani, akataka kumpa bibi, na bibi akakirudisha taratibu mkononi mwake, akamfumba vidole juu yake kimoja kimoja. Wakaondoka. Picha haikupigwa.

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo. Baba aliitupa kofia jikoni ikawa ya kubebea mayai. Akarudi kwenye mpunga, akilima kwa kukaa kwa sababu ya mgongo. Hakuonyesha mtu tena hata kiboko. Sukari ikaisha nyumbani, nasi tukarudia chai ya mkandaa, kavu isiyo na sukari. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kile kisa kilikuwa kimekwisha kutoka mkononi mwake. Magari yaliendelea kuja, watu wake waliendelea kukitaka, na jirani yetu mmoja, mtu mcheshi mwenye watoto wengi, akajifunga kaptura akateremka kuwapa. Alitambaa vizuri kuliko baba. Mgongo wake ulikuwa mzima. Na ule ukelele akaupiga kwa nguvu zaidi, ukapanda ukingoni hadi mashambani.

Siku ya kwanza tulipousikia nilikuwa juu ya dungu. Baba alikuwa chini yangu, jembe mkononi. "Mamaaa! Mamaaa!" Jembe likasimama. Nilimwona akijikunja polepole mpaka paji la uso likagusa mpini. Alijua ni sauti yake mwenyewe, ya siku ile, inauzwa na mtu mwingine, na aliyeifundisha ni yeye. Mimi nilitazama ndege wakila mpunga. Sikurusha hata jiwe moja.

Bibi naye alisikia, uani kwake. Siku hiyo aliendelea kupepeta. Lakini honi ilipolia mara nyingine, aliinuka kwenye kigoda, akajitanda leso, akachukua fimbo. Nilikuwa natoka bandarini. Nilimkuta katikati ya njia ile pana, anateremka, ameelekeza uso mtoni. Watu walitoka nyumbani mwao wakasimama. Mwanamke mmoja alitaka kumshika mkono, akamwambia, "Niache, mama, naijua njia."

Chini, jirani alikuwa amekwisha kuanza. "Iko toto moja..." Bibi akapita katikati ya Wazungu, wakampisha wakidhani ni sehemu ya maonyesho, akaenda kusimama mbele kabisa, pale ambapo yule jirani angelala. Hakumkemea. Alisimama tu, na mto nyuma ya jirani, anautazama. Jirani akasema tena, "Iko toto..." Akageuka. Akawaonyesha viboko.

Alifanya hivyo kila gari lilipokuja, msimu ule na uliofuata, hata alipokuwa na homa, hata njia ilipoteleza. Jirani akachoka. Wageni nao wakaanza kusema kwamba pale hakuna kitu, ni kanisa la zamani na bikizee anayesimama. Kisa kikafa polepole.

Wameondoka wote sasa. Bibi alifariki kabla ya Uhuru, na baba alimfuata miaka mingi baadaye, amelala hospitalini Ngao, mkono wake mkononi mwangu. Mto umehama, kama ulivyo ada yake. Ulibomoa ukingo, ukachukua makaburi ya wamisionari na nusu ya kanisa, ukajichimbia njia nyingine. Penye bandari pana magugu na shamba la mahindi la mtu nisiyemjua. Viboko wamekwenda wanakojua wao. Ukitaka kuonyeshwa mji wetu, hakuna wa kukuonyesha, wala hakuna kitu.

Lakini ile mara ya kwanza bibi alipoteremka, nilikuwa njiani, nimekwambia. Chini niliona leso yake katikati ya kofia za Wazungu, na bibi mwenyewe mdogo mno, amenyooka. Nikageuka juu, nikamwona baba mashambani, amesimama kwenye mpunga, ameupa mto mgongo. Hakuteremka. Hakuweza. Na mimi nilisimama hapo katikati na maji kichwani, namwonea haya mmoja kwa ajili ya mwingine, nisijue niende upande upi, hadi gari lilipoondoka na vumbi lake likatulia juu yetu sote.